Unyevu wa Utando katika Seli ya Fueli: Mfano wa Hewa ya Malindi

Madhumuni ya makala haya ni kueleza namna unyevu wa utando unavyoathiri kuanza na kudumu kwa kazi ya seli ya fueli, na kuonyesha msamiati ambao Kiswahili kinao tayari kwa kazi hiyo.

Seli ya fueli ni chombo kitoacho umeme kwa kuunganisha haidrojeni na oksijeni pasipo kuwasha moto. Wazo hili lilidhihirishwa na William Grove mwaka 1839. Seli ya aina ya utando ilibuniwa katika kampuni ya General Electric, na mwaka 1965 ilitumika katika chombo cha angani Gemini 5.

Utando wenyewe ni karatasi nyembamba ya plastiki yenye asidi. Upande wa anodi, haidrojeni huvunjika ikawa protoni na elektroni. Elektroni hupitia waya wa nje na kufanya kazi. Protoni hupenya utando hadi kathodi, zikakutana na oksijeni, yakazaliwa maji. Lakini protoni hazisafiri vyema katika utando mkavu, kwa kuwa asidi iliyomo huziachilia pale tu inapozungukwa na maji.

Kwa hiyo seli iliyokaa bila kazi hata utando ukakauka, huanza kwa uzito: ukinzani huwa mkubwa na umeme huwa haba. Kisha maji yaliyozaliwa kathodi hurudi ndani polepole, utando ukalowa, na nguvu ikapanda. Anayedai nguvu nyingi mapema huidhuru seli, maana protoni huburuta maji kutoka upande wa anodi, nao ukazidi kukauka.

Hapa ndipo msomaji wa pwani awezapo kukosea. Atadhani kwamba hewa ya Malindi, imtoayo mtu jasho hata kivulini, yatosha kuulowesha utando. Sivyo. Tuseme hewa ina joto la nyuzi 30 za sentigredi na unyevuanga wa asilimia 80. Shinikizo la mvuke wake ni kilopaskali 3.4 hivi. Hewa hiyo ikiingia katika seli yenye nyuzi 70, ambako mvuke waweza kufikia kilopaskali 31 kabla ya kugeuka maji, unyevuanga wake hushuka hadi asilimia 11 hivi. Maji hayakupungua hata tone. Kilichozidi ni kiasi cha mvuke kiwezacho kukaa humo. Hewa iliyokuwa fukuto nje, ndani ya seli ni kaskazi ya jangwani. Ndiyo sababu seli nyingi huloweshewa hewa kabla haijaingia.

Hata hivyo, maji yakizidi nayo ni balaa. Huziba vinyweleo vya kathodi, oksijeni ikakosa njia, na umeme ukayumba. Aidha, utando hufura ulowapo na kusinyaa ukaukapo. Hali hizo zikipokezana mara nyingi, hutokea nyufa, na gesi zikavuja kutoka upande mmoja hadi wa pili. Basi uthabiti wa seli hutegemea kipimo cha wastani kisichobadilika ovyo.

Kwa upande wa lugha, yafaa kutenga istilahi mbili: unyevu, yaani maji yaliyomo katika kitu, na unyevuanga, yaani mvuke uliomo hewani ukilinganishwa na ule uwezao kukaa humo kwa joto lile lile. Vilevile vitenzi vya kawaida vyatosha kutaja hali tatu: utando mbovu hukauka, ulio sawa hulowa, na kathodi iliyozidiwa hutota. Fundi akiambiwa tu kwamba "unyevu ni asilimia 80", asielezwe ni wa nini wala kwa joto gani, ataweza kuharibu mtambo wa thamani kubwa huku akiamini kwamba amefuata maagizo. Kosa hilo si la Kiswahili, bali ni la aliyekitumia pasipo kupambanua.