Akida Aliyejua Kutii

Somo: Luka 7:1-10

Leo twatafakari juu ya uongozi, na mwalimu wetu ni askari.

Sisi watu wa Ukambani tunawajua askari. Wazee wetu wengi waliingia jeshi la King's African Rifles, ambalo wenyewe waliliita Keya. Mmoja wao alikuwa Jackson Mulinge wa Kathiani. Alijiunga mwaka 1942, kijana asiye na cheo. Katika miaka ya 1950 alikuwa miongoni mwa Waafrika waliofikia cheo cha efendi, neno lile lile tunalotamka leo "afande". Baada ya uhuru akawa kamanda wa Jeshi la Nchi Kavu, na mwaka 1978 akawa Mkuu wa Majeshi ya Kenya. Hesabuni basi: tangu siku alipoanza kupokea amri hadi siku alipokuwa juu ya askari wote, ilipita miaka 36. Alistaafu mwaka 1986, akafariki mwaka 2014.

Hapa twapata fundisho la kwanza. Anayetaka kuongoza aanze kwa kuongozwa. Yule akida wa Kapernaumu alipotaka kumweleza Yesu mamlaka yake, hakuanza kwa kuwahesabu askari wake. Alianza kwa kusema kwamba yeye mwenyewe yuko chini ya mkubwa wake. Ndipo akasema kwamba akimwagiza mtu aende, huenda. Amri yake ilikuwa na nguvu kwa sababu yeye naye alikuwa mtu wa kutii.

Jumapili ya tarehe 1 Agosti 1982, askari wa vyeo vya chini wa Jeshi la Anga walijaribu kuipindua serikali. Bunduki walikuwa nazo. Hata kituo cha redio jijini Nairobi walikiteka, wakatangaza kwamba serikali imeanguka. Lakini sehemu kubwa ya jeshi haikuwafuata, na jaribio lile likazimwa siku ile ile, baada ya damu nyingi kumwagika. Kushika silaha na kupaza sauti hakumfanyi mtu kuwa kiongozi.

Lakini, ndugu, tusidhani kwamba kutii ni kufumba macho. Mwezi wa Februari 1984, katika uwanja wa ndege wa Wagalla, huko Wajir, raia wengi waliuawa na askari wa serikali. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilieleza ukatili huo katika ripoti yake ya mwaka 2013. Katika jambo kama hilo, mtu hawezi kujitetea mbele za Mungu kwa kusema, "Niliagizwa." Petro na mitume walikwisha kutuonyesha, katika Matendo 5, kwamba amri ya Mungu iko juu ya amri ya wanadamu. Hili ndilo fundisho la pili.

La tatu: kiongozi huwahangaikia walio chini yake. Akida yule hakuja kujiombea cheo. Alituma wazee kwa ajili ya mtumwa wake mgonjwa. Nao wazee wakamsifu kwamba anastahili, kwa kuwa alikuwa amewajengea sinagogi. Yeye je? Alisema hastahili hata Bwana kuingia chini ya dari yake.

Sasa na tujipime. Hapa Kalamba tunaijua mwethya. Siku ya kuchimba matuta au kuzuia maji ya mto kwa ukuta, kila mtu huja na jembe lake. Asiyeshika jembe, neno lake halina uzito. Lakini kanisani mara nyingi tunasahau. Tunagombea kiti cha baraza la kanisa, na tukikosa tunahama ushirika. Tukijenga, twataka jina letu liandikwe ukutani. Na sisi wachungaji tusijifiche: tumewahi kuketi chini ya mwembe tukinywa chai, huku akina mama wakibeba mchanga wa kujengea kanisa. Siku ile hatukuwa viongozi. Tulikuwa wageni tu.

Ndugu msikilizaji, huenda wewe ni mzee wa kanisa, katekista, mwalimu, au mama mwenye nyumba. Jiulize leo maswali mawili. Ni nani anayeweza kukuonya, nawe ukamsikia? Na ni nani aliye chini yako ambaye ni mgonjwa, nawe hujamwombea?

Tuombe. Ee Bwana, tufundishe kutii kabla ya kuamuru. Tupe ujasiri wa kukataa amri iliyo mbaya, na moyo wa kuwahurumia walio chini yetu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.