Afya: Nguvu za kiume zikipungua, pima na moyo

Mwanaume wa miaka 45 au 50 akianza kushindwa kitandani, mara nyingi anaficha. Mmoja anamshuku bibi yake, mwingine anasema amerogwa, mwingine anakimbilia vidonge na mizizi ya sokoni. Ni wachache wanaofikiri juu ya moyo, na kumbe hapo ndipo madaktari wanataka kuangalia.

Sababu iko kwenye mishipa ya damu. Ili uume usimame, mishipa yake inapaswa kufunguka na kuingiza damu nyingi. Shinikizo la damu, ugonjwa wa sukari, sigara na mafuta mengi katika damu vinaharibu mishipa na kuiziba polepole. Mishipa ya uume ina upana wa milimita 1 hadi 2 tu, na ile inayolisha moyo ina milimita 3 hadi 4. Mdogo unaonyesha shida kwanza. Ndiyo maana tatizo la kitandani linaweza kutangulia ugonjwa wa moyo kwa miaka 2 hadi 5.

Si kila mwanaume mwenye shida hiyo ana ugonjwa wa moyo. Uchovu, mawazo mengi, pombe na hata baadhi ya dawa vinaweza kuileta. Lakini nguvu zikipungua kidogo kidogo kwa miezi, hata asubuhi wakati wa kuamka, usisubiri.

Sildenafil, inayojulikana kwa jina la Viagra, ilijaribiwa kwanza kwa maumivu ya moyo, kisha Marekani ikairuhusu kwa nguvu za kiume mwaka 1998. Inafungua mishipa kwa saa chache, haiponyi kilichoiharibu. Kwa mgonjwa wa moyo anayetumia dawa za nitrati, kuchanganya hizo mbili kunaweza kushusha shinikizo la damu ghafla na kumuua. Vidonge vya barabarani vinavyoitwa vya miti shamba navyo vinaweza kuwa na dawa hiyo bila kuandikwa.

Basi nenda kituo cha afya. Pima shinikizo la damu na sukari, na umwambie muganga ukweli wote, pamoja na dawa unazomeza. Acha sigara, punguza chumvi na mafuta, tembea kila siku. Mama naye, badala ya ugomvi, amsindikize bwana wake. Wazee walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua.