Kiharusi: Adui Asiyebisha Hodi

Askari hufunzwa tangu ukuruta kumhofu zaidi adui ajongeaye kimya. Adui wa namna hiyo yumo kambini mwetu na katika vituo vya polisi. Jina lake ni shinikizo la juu la damu, nalo ndilo mzazi mkuu wa kiharusi.

Kiharusi hutokea damu inapokosa kufika katika sehemu ya ubongo. Aghalabu donge la damu huuziba mshipa. Mara nyingine mshipa hupasuka, damu ikavuja ubongoni.

Je, ni akina nani wapatwao? Madaktari wa nchi 32 waliwachunguza wagonjwa zaidi ya 13,000 wa kiharusi, wakawalinganisha na watu wa rika na jinsia zile zile wasiougua. Awamu ya kwanza ya uchunguzi huo, iliyotangazwa mwaka 2010, ilihusisha nchi 22, Uganda yetu ikiwamo. Matokeo ya mwaka 2016 yalionyesha kwamba mambo 10 yanahusika na takriban visa 9 katika kila 10. Shinikizo la damu liliongoza. Hilo peke yake lilihusika na karibu nusu ya visa vyote. Mengine ni sigara, ulevi, kisukari, maradhi ya moyo, mafuta mabaya katika damu, unene wa kiunoni, chakula kisichofaa, ukosefu wa mazoezi na msongo wa mawazo.

Hapa ndipo wengi wetu hujidanganya. Afande akimbiaye kila alfajiri hujiona salama, ilhali jioni huvuta sigara, hunywa waragi na kuongeza chumvi mezani. Gwaride halipimi mishipa ya damu. Shinikizo haliumi, wala halimzuii mtu kubeba bunduki. Wako wanaoambiwa kwa mara ya kwanza kwamba wanalo wakiwa wamekwisha kulazwa, upande mmoja wa mwili umelegea, na mke na watoto wamesimama kando ya kitanda.

Basi, ndugu askari, nenda zahanati ukapimwe. Kipimo kikirudia kuwa 140 kwa 90 au zaidi, mwone daktari. Ukipewa vidonge, usiviache kwa sababu tu unajisikia vizuri. Mlinzi haondoki lindoni kwa kuwa usiku umekuwa shwari.

Tena tuzijue dalili: uso kupinda ghafla, mkono kukosa nguvu, maneno kukwama kinywani. Mwenzako akipatwa, mkimbize hospitali saa ile ile, wala usimpe chakula wala kinywaji, maana huenda akapaliwa. Dawa ya kuyeyusha donge kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, baada ya picha ya ubongo kuthibitisha kwamba haivuji damu.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ufa huu huonekana kwa kipimo cha dakika chache.