Wasifu na Sifa: Juu ya Uhariri wa Maisha ya Siti binti Saad

Neno wasifu lina mgogoro ndani yake tangu mwanzo. Asili yake ni Kiarabu, na katika lugha hiyo shina lake lina maana ya kueleza kitu jinsi kilivyo, kiwe kizuri au kibaya. Lakini kitenzi kusifu, kilichotoka katika shina lilo hilo, Kiswahili kimekifanya kuwa cha kutukuza. Kwa hiyo aandikapo mtu wasifu wa mwenziwe, wasomaji hutazamia kusikia mema. Mhariri atakaye habari zisizoegemea upande hana budi kushindana na jina lenyewe la fani anayoihariri.

Mfano ulio bora ni kazi ya Shaaban Robert juu ya Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja aliyefariki mwaka 1950. Mwandishi alionana naye muda mfupi kabla ya kifo chake, na habari zile zikatolewa mwaka 1958 katika nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, kabla ya kuenea kama kitabu. Zilipita basi mikononi mwa watu ambao shughuli yao kubwa ilikuwa usanifu wa lugha. Swali la ukweli wa habari zenyewe liliinuliwa baadaye na wanahistoria na wataalamu wa muziki.

Yapo mambo yasiyobishaniwa sana. Siti alizaliwa Fumba, karibu na mwaka 1880, katika jamaa maskini. Aliuza vyungu kabla ya kuhamia mjini. Na mwaka 1928 alikwenda Bombay pamoja na wenzake kuimba katika santuri za kampuni ya HMV. Ubishi huanza pale linapotiwa neno "wa kwanza".

Neno hili ni dogo, lakini lina mzigo mzito. Husemwa kuwa Siti ndiye wa kwanza kuimba taarab kwa Kiswahili. Masimulizi yaliyozoeleka ni kwamba Sultani Barghash, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri kujifunza muziki, na kwamba taarab ya jumba la mfalme, kadhalika ile ya chama cha Ikhwani Safaa kilichoanzishwa mwaka 1905, ikaimbwa kwa Kiarabu. Siti alifanya jaribio ambalo wakati ule halikuwa dogo: alichukua ala na mahadhi yaliyohesabiwa kuwa ya waungwana, akayatilia maneno ya lugha iliyosemwa sokoni na visimani. Hata hivyo watu wa Lamu na Mombasa wana haki ya kukumbusha kuwa mashairi ya Kiswahili yaliimbwa kwa kinanda pwani yao zamani kabla yake. Ikiwa taarab ni jina la kila shairi liimbwalo kwa ala za nyuzi, Siti si wa kwanza. Ikiwa ni jina la muziki ule uliotokana na jumba la Unguja, dai lina nguvu zaidi. Ikiwa shabaha ni santuri, yafaa kusema "kundi la kwanza", maana wanaume aliofuatana nao waliimba pia mbele ya chombo cha kunasia sauti. Hapa mhariri hahitaji kuchagua mshindi. Ahitaji kudai kuwa mwandishi ataje jambo lenyewe ambalo mtu huyo alitangulia.

Suala la kutoegemea upande ni gumu kuliko hilo. Jina la kwanza la Siti lilikuwa Mtumwa. Siti, lenye maana ya bibi mwenye heshima, lilikuja baadaye. Mwandishi akianza na Siti na kulitaja lile la kwanza kwa haraka, amemsitiri mtu. Lakini pia amemwondolea msomaji umbali uliokuwapo baina ya majina hayo mawili, katika nchi ambayo hali ya utumwa haikufutwa kwa sheria mpaka 1897. Stara ni jambo jema baraza­ni, ila katika historia ina gharama yake. Shaaban Robert alikaa zaidi katika tabia: subira, utu, na namna Siti alivyostahimili masimango ya watu juu ya sura yake. Laura Fair, katika kitabu alichotoa mwaka 2001, aliziendea nyimbo zenyewe na wazee waliozisikia, akamwona Siti mwingine aliyenena juu ya mahakama na wanyonge. Wimbo wa Kijiti, juu ya mwanamke aliyeuawa na muuaji aliyetoroka, ndio unaotajwa mara nyingi. Wasomaji wengine huona kuwa Fair amesahihisha wasifu ule. Hilo si sawa kabisa. Shaaban Robert aliandika kitabu cha maadili kwa mfano wa maisha. Kosa ni la wale walioking'ang'ania kana kwamba ni daftari la kumbukumbu.

Afikiriwe msomaji aliye mbali na pwani, mathalani Benaco katika wilaya ya Ngara. Mahali hapo penyewe pamepata jina kutokana na kampuni ya Kiitalia iliyojenga barabara, na mwaka 1994 likajulikana duniani kwa kambi ya wakimbizi wa Rwanda. Mgeni asiyeambiwa hivyo angaliweza kudhani kuwa ni neno la Kihangaza. Msomaji wa huko asiye na santuri za Siti hana njia ya kupima sifa anazosoma, isipokuwa mhariri amwonyeshe nani amesema, lini, na kwa shabaha gani.

Chapa mpya ya wasifu ule isiguse maneno ya mwandishi, hata pale anapozidisha; marekebisho yakae chini ya ukurasa, kila moja na mwaka wake. Tahadhari iyo hiyo yafaa kwa Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013. Yeye alisema kuwa alizaliwa wakati wa rupia, na waandishi wengi wakageuza kauli hiyo kuwa hesabu ya miaka zaidi ya mia. Rupia ilitumika Unguja mpaka miaka ya 1930. Kauli yake yaweza kuwa kweli tupu, na hesabu ikawa ya waandishi.