Safari Inayomrudisha Mwalimu Kazini

Tangu mwaka 1987, mfuko wa Lilly Endowment wa jimbo la Indiana, Marekani, huwapa walimu ruzuku ya kusafiri, kubuni na kujifunza, ili warejee darasani na ari mpya. Hilo si anasa. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilibainisha alama tatu za uchovu sugu wa kazi: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi moyoni na kupungua kwa ufanisi. Mwalimu au muuguzi wa Mchombe, Bonde la Kilombero, huenda asiifikie ruzuku hiyo. Hata hivyo, sheria ya ajira ya mwaka 2004 humpa likizo ya mwaka isiyopungua siku 28. Asiiache ipotee. Aliyepumzika humsikiliza mgonjwa, na humvumilia mwanafunzi.