Fahamu: Mwajiri mdogo wa Buger na mkataba wa mdomo

Mwenye duka au mashine ya kusaga huko Buger, wilayani Karatu, anaweza kudhani sheria ya kazi ni ya hoteli kubwa za watalii. Sivyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamhusu hata mwenye mfanyakazi mmoja.

Jambo zito zaidi ni maandishi. Mwajiri anatakiwa kumpa mfanyakazi maelezo ya ajira yaliyoandikwa: kazi, mahali, saa, ujira. Asipoyaelewa, aelezwe kwa namna atakayoielewa. Karatu, hiyo yaweza kuwa kwa Kiiraqw. Shauri likifika mbele ya sheria na mwajiri hana karatasi, ni yeye anayebeba mzigo wa kuthibitisha walichokubaliana. Maneno ya “tulielewana” hayatamwokoa, na naona ni haki: kalamu na daftari vilikuwa mikononi mwake.

Sheria hiyo pia inaweka kikomo cha saa za kawaida za kazi: hazizidi 45 kwa wiki. Za ziada hulipwa mara moja na nusu. Kima cha chini cha mshahara, kinachotofautiana kwa sekta, kilipandishwa kuanzia 1 Januari 2026. Aliyeachishwa isivyo halali ana siku 30 kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA).