Waliopotea Bila Kaburi

Mtu akipotea na mwili wake usipatikane, ipo desturi miongoni mwa jamii za Waluhya ya kuuzika mgomba mahali pake. Huenda mgeni akaicheka. Lakini sisi wa Iguhu, tuliolelewa kwa mlio wa isukuti matangani, twajua maana yake: walio hai hawatulii mpaka aliyepotea apewe mahali pa kulala.

Desturi hiyo yanikumbusha kisa cha Ziwa Rudolf, ambalo tangu mwaka wa 1975 laitwa Ziwa Turkana. Mnamo 1934 mwanajiolojia Mwingereza, Vivian Fuchs, aliongoza msafara wa utafiti katika jangwa lile la mawe meusi ya volkeno. Mwezi wa Julai wenzake wawili, Martin Sheflet, mpimaji, na Daktari W. S. Dyson, walivuka kwa mashua hadi Kisiwa cha Kusini. Moto wa ishara ulionekana kisiwani, kisha kukawa kimya. Msako ulipofanywa, vilipatikana makasia, makopo na kofia katika ufuo wa magharibi. Kwa kuwa upepo mkali wa ziwa hilo hutoka kusini-mashariki, yadhaniwa kwamba mashua ilizama wakirejea. Mabaki yao hayakuonekana.

Hata hivyo, msomaji mpenzi, Sheflet na Dyson wana jina. Kila anayeandika habari za kisiwa hicho, ambacho ni mbuga ya taifa tangu 1983, huwataja. Hiyo ni haki yao, wala simwonei kijicho maiti.

Swali langu ni hili: je, wapagazi wetu? Katika Vita Vikuu vya Kwanza, maelfu kwa maelfu ya vijana wa Afrika Mashariki, wa Magharibi mwa Kenya wakiwamo, walitiwa katika Kariakoo kubebea majeshi ya Uingereza mizigo. Wengi waliuawa na njaa, malaria na kuhara kuliko risasi. Sanamu zao zasimama Nairobi tangu 1928, lakini hapana jina hata moja lililochongwa pale. Mwaka wa 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, wengi wao watu wa Afrika Mashariki na Wamisri, hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa. Ikaomba radhi.

Yupo atakayesema kwamba mifupa ya zaidi ya karne moja haina faida kwa mwanafunzi anayekabiliwa na mtihani. La hasha! Mwanafunzi anayejifunza kwamba mgeni hupotea kwa jina, na babu yake hupotea kwa hesabu, hujifunza pia kujidharau.

Radhi ni neno jema, bali haitoshi. Mifupa hatutaipata, majina baadhi twaweza kuyapata. Yamo katika nasaba zinazosimuliwa matangani, na wanaozijua wanapungua kila mwaka. Walimu, wapeni wanafunzi daftari wakati wa likizo, wawaulize wazee: nani katika ukoo wetu alikwenda vitani asirudi? Wayaandike majina hayo na vijiji vyao, na shule iyahifadhi.

Wazee wetu walizika mgomba. Sisi tunaojua kusoma na kuandika tusishindwe kuzika jina katika kitabu.